KAMBA YA KUSIMAMISHA KAZI: MABADILIKO YA DESTURI KATIKA KIWANDA CHA FREMONT

Kiwanda kinapoharibikiwa, jambo la kwanza linalosemwa ni kwamba watu wake ni wabaya. Wenye mali husema wafanyakazi ni wavivu. Wafanyakazi husema wakubwa ni wakali na kazi yenyewe hawaijui. Na watazamaji wa nje huyakubali maneno ya upande huu au ule kwa kadiri ya mapenzi yao. Ni nadra kupata nafasi ya kuyapima maneno hayo. Kiwanda kikifungwa watu wake hutawanyika, na kikifunguliwa kingine huandikwa watu wengine, hata asiwepo awezaye kusema kwa yakini kama kilichobadilika ni watu au ni kitu kingine. Lakini mara moja jaribio la namna hiyo lilitokea lenyewe, bila ya kukusudiwa na mtaalamu yeyote, katika mji wa Fremont, jimbo la California, Marekani, kati ya mwaka 1982 na 1986. Majengo yalikuwa yale yale, wafanyakazi kwa sehemu kubwa walikuwa wale wale, na chama chao kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni desturi ya kazi.

Kiwanda hicho kilikuwa mali ya kampuni ya General Motors, nacho kilianza kuunda magari katika miaka ya 1960. Hata ilipofika mwisho wa miaka ya 1970, kilihesabiwa miongoni mwa viwanda vibaya kabisa vya kampuni hiyo. Katika siku ya kawaida mfanyakazi mmoja katika watano hakuonekana kazini. Ulevi ulikuwa ndani ya lango. Wafanyakazi wa zamani wamesimulia wenyewe jinsi wengine walivyokuwa wakitia chupa tupu ndani ya milango ya magari ili igongegonge mwenye gari akiendesha, asijue sauti inatoka wapi. Malalamiko ya wafanyakazi juu ya wasimamizi yalirundikana kwa maelfu bila ya kuamuliwa, na kila upande ulimtazama mwenziwe kama adui. Mwaka 1982 lango likafungwa.

Kuyaita mambo hayo utovu wa adabu na kuishia hapo ni kuacha kazi nusu. Kiwanda kile kilikuwa na desturi kuu moja ambayo kila mtu aliijua: mkondo wa kazi usisimame. Katika kiwanda cha namna hiyo magari hujongea polepole juu ya mnyororo, na kila mtu hukaa mahali pake akingoja gari limfikie. Hulifanyia kazi yake kwa muda wa dakika moja hivi, kisha hulipisha na kulipokea jingine. Mkondo ukisimama mahali pamoja, husimama kote, na mamia ya watu hubaki mikono mitupu huku mishahara ikihesabiwa. Kwa hiyo wakubwa wa Fremont waliona kwamba hasara ya kusimama haina mfano. Mfanyakazi aliyeona bolti haikukaza, au mlango umekaa upande, alitakiwa aliache gari liende zake; mbele ya safari, katika uwanja wa nje, kulikuwa na watu wengine walioajiriwa kwa kutengeneza yaliyoharibika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Fremont walijenga ukuta kila siku, wakauandika katika vitabu vya hesabu kama gharama ya kawaida.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mara nyingi husemwa kwamba shirika fulani “halijifunzi”, kana kwamba kujifunza ni kitu ambacho huwapo au hukosekana. Hakika kila mahali pa kazi hufundisha, usiku na mchana. Mfanyakazi wa Fremont alifundishwa kwamba macho yake hayatakiwi, ila mikono tu. Kwamba anayesema juu ya kasoro hujitafutia balaa, na anayenyamaza hupata mshahara wake kwa amani. Alilifahamu somo hilo vizuri sana. Hata wale waliotia chupa milangoni walikuwa wanafunzi wake hodari.

Sasa ni lazima kuiacha California kidogo na kutazama mahali ilikotoka desturi ya pili. Sakichi Toyoda alikuwa Mjapani mwana wa seremala, aliyetumia maisha yake kutengeneza mitambo ya kufumia nguo. Ye yote aliyemwona mfumi akifanya kazi anajua taabu ya uzi kukatika: uzi mmoja wa mtande ukikatika bila kuonekana, mshindio utaendelea kupita, na nguo itatoka na dosari mwendo mrefu. Kwa sababu hiyo kila mtambo ulihitaji mtu wa kuukodolea macho. Mtambo ambao Toyoda aliukamilisha mwaka 1924 ulisimama wenyewe uzi ulipokatika. Mtu mmoja aliweza sasa kuangalia mitambo mingi, maana hakuwa na haja ya kuilinda inayokwenda vizuri. Mtambo wenye shida ulimwita wenyewe kwa kusimama. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilikubali kununua haki ya mtambo huo kwa paundi 100,000, na mwana wa Sakichi, Kiichiro, akaanzisha kampuni ya motokaa, Toyota, mwaka 1937. Wazo la baba lilihamia katika kazi ya mwana: kusimama si aibu, bali ni njia ya kazi kusema pale inapoumia.

Yafaa kusema hapa, kwa kuwa watu wengi huliona jambo hili kuwa la damu ya Kijapani, kwamba halikuwa hivyo. Mwaka 1950 Toyota ilikuwa karibu kufilisika. Wafanyakazi wake waligoma, watu wengi wakaondoka kazini, na Kiichiro Toyoda mwenyewe akajiuzulu. Mengi yaliyofuata yaliazimwa kutoka nje. Mwaka huo huo Mmarekani W. Edwards Deming aliwafundisha wahandisi wa Japani jinsi ya kutumia hesabu kuchungulia ubora wa kazi. Mafundisho ya kuwafunza wasimamizi, yaliyotungwa Marekani wakati wa vita, yaliletwa na watawala wa Kimarekani baada ya vita. Na utaratibu wa kupokea mashauri ya wafanyakazi, ulioanzishwa Toyota mwaka 1951, ulitokana na ziara katika viwanda vya Ford. Kwa hiyo yaliyokuja kufika California katika miaka ya 1980 yalikuwa, kwa sehemu, yakirudi kwao, ingawa wenyeji hawakuyatambua.

Mwaka 1983 General Motors na Toyota zilipatana kukifungua tena kiwanda cha Fremont kwa ubia. General Motors ilitaka kujifunza jinsi ya kuunda magari madogo kwa faida. Toyota ilitaka kujua kama desturi yake yaweza kuota katika udongo wa Marekani. Kampuni mpya iliitwa NUMMI, na rais wake wa kwanza akawa Tatsuro Toyoda. Chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, kilikubaliwa tangu mwanzo, na watu wake wa zamani wakaitwa kuomba kazi. Katika watu 2,200 hivi walioandikwa katika miaka ya mwanzo, wapatao 85 katika kila mia walitoka katika kiwanda cha zamani, pamoja na viongozi wa chama waliokuwa wakipigana na General Motors.

Kabla ya kazi kuanza, mamia ya viongozi wa vikundi walipelekwa Japani kwa majuma machache, katika kiwanda cha Toyota cha Takaoka. Hawakuwekwa darasani kuhubiriwa habari za moyo wa ushirikiano. Walisimamishwa katika mkondo, kila mmoja kando ya mwenziwe wa Kijapani, wakafanya kazi. Bw. John Shook, Mmarekani aliyeajiriwa na Toyota kusaidia mafunzo hayo, aliandika mwaka 2010 kwamba kilichowashangaza wageni ni jambo dogo: ulipopatwa na shida au ulipochelewa, mtu alikuja mara moja kukusaidia, wala hakukuuliza kwanza kosa ni la nani. Watu wazima waliokuwa wamefanya kazi ya motokaa miaka mingi hawakuwahi kuliona hilo.

Magari yalianza kutoka Fremont mwezi wa Desemba 1984. Juu ya vichwa vya wafanyakazi, kando ya mkondo wote, ilipita kamba. Kila mtu aliruhusiwa kuivuta. Na zaidi ya kuruhusiwa, alitakiwa aivute kila alipoona kasoro au alipojua kwamba hatamaliza kazi yake kwa wakati. Kamba ikivutwa, taa iliwaka katika ubao ulioitwa andon, neno ambalo kwa Kijapani lilikuwa jina la fanusi la karatasi, na muziki ukasikika. Mkondo haukusimama papo hapo. Kiongozi wa kikundi, ambaye alikuwa na watu wanne hadi sita tu chini yake, alikuja haraka. Kama wawili hao waliweza kuitatua shida kabla gari halijafika mwisho wa mahali pale, kiongozi aliivuta kamba mara ya pili na kazi ikaendelea kana kwamba hapakuwa na kitu. Wasipoweza, mkondo ulisimama.

Msomaji atambue kwamba kamba peke yake ni kamba tu. Nguvu yake yote imo katika ule muda mfupi baada ya kuvutwa, yaani nani atakuja, na atakuja na uso gani. Akija mtu mwenye kukunja uso na kuuliza jina lako, hutaivuta tena, wala mwenzako aliyekuwa akitazama hataivuta. Na hata kama kuta zimejaa maandishi ya kukuhimiza uivute, umekwisha soma maandishi yaliyo ya kweli. Akija mtu akasema “Tuone,” akainama pamoja nawe, basi umefundishwa jambo ambalo hotuba mia zisingalikufundisha. Shook alieleza kwamba katika Fremont fikira za watu hazikubadilishwa kwanza ili matendo yafuate. Matendo yalibadilishwa, na fikira zikafuata zenyewe, kama mtu anavyozoea njia mpya ya kwenda shamba hata akasahau ile ya zamani.

Kuvuta kamba kulikuwa mwanzo tu wa kujifunza. Taiichi Ohno, mhandisi aliyeujenga utaratibu wa Toyota, alikuwa akiwafundisha watu wake waulize “kwa nini” mara tano. Mfano wake mwenyewe unajulikana sana. Mashine imesimama: kwa nini? Fyuzi imekatika kwa kuzidiwa. Kwa nini ilizidiwa? Panapozungukia mhimili hapakupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu haikuyavuta vizuri. Kwa nini? Mhimili wa pampu umelika. Kwa nini umelika? Hapakuwa na chujio, vipande vya chuma vikaingia. Atakayeishia katika swali la kwanza atatia fyuzi mpya, na kesho atatia nyingine. Atakayefika la tano atatia chujio. Wataalamu wa Marekani Chris Argyris na Donald Schön walikuwa wamekwisha andika mwaka 1978 juu ya tofauti kama hiyo. Kuna kujifunza kwa aina ya kwanza, ambako kosa husahihishwa na kanuni za kazi huachwa zilivyo. Na kuna kujifunza kwa aina ya pili, ambako kanuni zenyewe huulizwa. Katika Fremont ya zamani kutengeneza magari uwanjani kulikuwa kwa aina ya kwanza, tena kwa bidii. Swali la kwa nini kasoro zinafika uwanjani halikuwa na mwenyewe.

Jambo la pili lililogeuzwa ni saa. Tangu zamani katika viwanda vya Marekani mhandisi alikuja na saa yake, akasimama nyuma ya mfanyakazi, akampimia kazi, akaenda zake kuandika amri. Mfanyakazi mwenye akili alijifunza kwenda polepole anapopimwa. Katika NUMMI saa walipewa wafanyakazi wenyewe. Kikundi kilipimana, kikalinganisha njia ya huyu na ya yule, kikachagua iliyo bora na ya salama, kikaiandika. Na yaliyoandikwa yakawa kanuni ya wote mpaka mtu atakapopata njia iliyo bora zaidi. Profesa Paul Adler, aliyekichunguza kiwanda hicho, alishangazwa kuona kwamba kazi ilikuwa imefungwa na kanuni nyingi kuliko zamani, lakini watu walizichukia kidogo kuliko zamani. Sababu si ngumu kuifahamu. Kanuni iliyoandikwa na wenye kuitumia ni kumbukumbu ya yale waliyojifunza. Pasipo kuandikwa, ujuzi wa mtu hodari huondoka naye siku anayoondoka.

Matokeo yalionekana upesi. Utoro ulishuka kutoka mmoja katika watano hadi watatu au wanne katika mia. Wachunguzi wa Chuo cha Ufundi cha Massachusetts, ambao kitabu chao kilitoka mwaka 1990, walikuta kwamba gari moja la Fremont lilihitaji saa 19 za kazi, na la Takaoka saa 16, hali kiwanda kingine cha General Motors, cha Framingham, kilihitaji 31. Kasoro za Fremont zililingana na za Takaoka. Za Framingham zilikuwa karibu mara tatu yake.

Lakini yote hayo yalikuwa hayajapata mtihani wake. Mfanyakazi anayetafuta njia ya kuipunguza kazi huwa na swali moja ambalo haliulizi kwa sauti: nikiipunguza kazi ya watu sita ikawa ya watano, huyo wa sita ni nani? Kama jibu ni kwamba mmoja atafukuzwa, basi kumwambia mtu atoe mashauri ni kumwambia achimbe kaburi la jirani yake, au lake mwenyewe. Mapatano ya mwaka 1985 kati ya NUMMI na chama yalisema kwamba hapatakuwa na kuachisha watu ila maisha ya kampuni yenyewe yakiwa hatarini, na kwamba kabla ya hapo wakubwa watapunguza mishahara yao na kazi zilizopewa makampuni ya nje zitarudishwa ndani. Katika mwaka 1987 na 1988 gari la Nova lililoundwa pale halikununuliwa vizuri, na kiwanda kikafanya kazi chini ya thuluthi mbili ya uwezo wake. Kwa desturi ya nchi ile mamia ya watu wangaliambiwa wabaki nyumbani. Hawakuachishwa. Walipelekwa katika mafunzo, wakatengeneza mitambo, wakakaa katika vikundi vya kutafuta njia bora za kazi. Hapana shaka siku hizo za biashara mbaya ndizo zilizoimarisha desturi mpya kuliko miaka ya biashara njema, maana ahadi haijulikani kuwa ahadi mpaka itakapomgharimu aliyeitoa.

Haifai kuyapamba mambo kupita kiasi. Waandishi wawili wa upande wa wafanyakazi, Mike Parker na Jane Slaughter, waliandika mwaka 1988 kwamba utaratibu huo huendeshwa kwa kuwakaza watu: kila nafasi ya kupumua ikionekana huondolewa, na kamba hutumika kutafuta ni wapi mtu bado anaweza kuongezewa mzigo. Shutuma hiyo haikuwa ya bure. Ndani ya chama chenyewe kikundi kilichopinga kilipata wafuasi wengi. Mwaka 1993, baada ya kiwanda kuanza kuunda gari la namna mpya, watu waliumia viungo kwa wingi, na idara ya usalama wa kazi ya California ikakishtaki kiwanda. Adler na wenzake waliofuatilia habari hiyo walionyesha kwamba gari la pili, la mwaka 1995, liliandaliwa kwa namna nyingine, na wafanyakazi wakapewa nafasi ya kusema juu ya mikao ya mwili kabla mkondo haujawekwa. Ila jambo la kuangalia ni kwamba somo la viungo vya watu lilihitaji sauti ya chama na mkono wa serikali; kamba haikulivuta peke yake.

Inabaki habari ya General Motors, ambayo ndiyo iliyokuja kujifunza. Kampuni hiyo ilipeleka mameneja wake Fremont kwa zamu, nao wakaona yote, kwa kuwa Toyota haikuficha kitu. Inasimuliwa kwamba mkubwa mmoja aliamuru kiwanda kipigwe picha kila pembe ili kitolewe nakala. Picha za kamba zilipatikana, na kamba zikatundikwa kwingine. Katika kiwanda cha Van Nuys, kilichokuwa pia katika California, taratibu za vikundi ziliingizwa mwaka 1987, lakini wafanyakazi waliogawanyika katikati waliona ni hila ya kuwachuja kabla ya kuwafukuza, na wasimamizi waliolipwa kwa hesabu ya magari yaliyotoka hawakuwa tayari kuona mkondo ukisimama. Mwaka 1992 Van Nuys ikafungwa. Mameneja waliorudi kutoka Fremont walitawanywa mmoja mmoja katika kampuni kubwa mno, kila mmoja akawa mgeni katika kwao. Walipowekwa pamoja mambo yalikwenda vizuri zaidi: kiwanda cha Eisenach, kilichofunguliwa mwaka huo huo wa 1992 mashariki mwa Ujerumani, kilijengwa na watu waliopitia Fremont na kikafanikiwa. Katika Marekani yenyewe somo lilichukua miaka ishirini kuenea.

Ugumu wa kuhamisha desturi huonekana pia katika maneno, na hapa jambo hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili. Neno la Kijapani kaizen lina sehemu mbili, ya kwanza ikiwa na maana ya kubadili na ya pili ya wema. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kulifasiri: kutengeneza, kusahihisha, kuboresha, na wazo la kwenda kidogo kidogo bila ya kuacha limo tayari katika haba na haba hujaza kibaba. Pamoja na neno hilo zilikuja hatua tano za kutunza mahali pa kazi, ambazo majina yake yote huanza kwa herufi S: seiri, kuchambua kinachohitajika na kuondoa kisichohitajika, seiton, kuweka kila kitu mahali pake, seiso, kusafisha, seiketsu, kuyafanya hayo kuwa kanuni, na shitsuke. Kwa msaada wa Japani hatua hizo zililetwa katika hospitali za Tanzania mwaka 2007, zikianzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya, kwa kufuata mfano wa hospitali ya wanawake ya Castle Street katika mji wa Colombo, Sri Lanka. Kwa Kiswahili zilitafutiwa maneno yenye herufi ile ile, mathalan safisha na, kwa hatua ya mwisho, shikilia.

Neno shikilia ni zuri na jepesi kukumbukwa, ila halifikishi yote yaliyomo katika shitsuke. Kwa Wajapani shitsuke ni malezi: ni ile adabu anayotiwa mtoto mpaka isimhitaji tena mtu wa kumkumbusha. Tena ni jina la uzi ambao mshoni hushikizia nguo kabla ya kuishona, ili vipande vikae sawa. Mshono ukishatulia, uzi ule huondolewa. Kushikilia ni kazi ya mwenye kushika, na akichoka ataachia. Malezi ni kazi ya watu wawili, na mlezi hujulikana kwa mwenendo wake. Ndiyo maana katika mahali pengi hatua tatu za kwanza hufanyika kwa furaha, rafu zikapangwa, vibandiko vikabandikwa, makabati yakafunguliwa kwa wageni. Kisha vumbi hurudi. Muuguzi aliyeambiwa apange dawa katika rafu ameambiwa jambo dogo. Muuguzi anayeweza kumwambia daktari mkuu kwamba dawa aliyoiandika si yake mgonjwa yule, akashukuriwa mbele ya wenzake, amekwisha ishika kamba. Mficha uchi hazai, nao wahenga hawakusema kwamba kuufunua ni rahisi.

Wala desturi hii haina kinga hata kwao ilikozaliwa. Toyota ilipokua kwa haraka mwanzoni mwa karne hii, makosa yaliiponyoka. Ilibidi kuyaita magari mamilioni yarudishwe kutengenezwa, na mwezi wa Februari 2010 rais wake, Akio Toyoda, akaenda mbele ya Bunge la Marekani kujieleza. Mwezi wa Desemba 2023 ilitangazwa kwamba Daihatsu, kampuni iliyo mali ya Toyota, ilikuwa imedanganya katika majaribio ya usalama ya aina 64 za magari, na udanganyifu wa zamani kabisa uliopatikana ulikuwa wa mwaka 1989. Tume iliyochunguza ilisema kwamba watu wa majaribio walipewa muda mfupi usiowezekana, na hawakuona njia ya kusema kwamba haiwezekani. Katika vyumba vile hapakuwa na kamba, au ilikuwapo na hakuna aliyethubutu kuigusa. Mkondo usisimame: amri ya Fremont ya zamani ilikuwa imezaliwa upya, kwa Kijapani.

Na Fremont yenyewe? General Motors ilifilisika mwezi wa Juni 1, 2009 ikajitoa katika ubia, na Toyota haikutaka kubaki peke yake. Gari la mwisho lilitoka tarehe 1 Aprili 2010, na watu wapatao 4,700 wakapoteza kazi. Mwaka huo huo majengo yalinunuliwa na kampuni ya Tesla. Baadhi ya wafanyakazi walikuwa wamo humo tangu siku za General Motors, wakafungiwa lango moja mara mbili katika maisha yao: mara ya kwanza magari waliyoyaunda yakiwa mabaya, na mara ya pili yakiwa mazuri.